Usishone Viti Kabla ya Kung'oa Kapeti

Leo naomba mniruhusu niweke tarakilishi kando kidogo. Wanaonifahamu wanajua kwamba mchana kutwa kazi yangu ni kuandika programu, na kwamba wikendi hunipati mbele ya runinga. Utanipata nimelala chini ya gari kuukuu la baba yangu, Peugeot 504, mafuta yakiwa yamenifika viwikoni. Kwa muda mrefu nilidhani hizo ni dunia mbili zisizokutana. Nimegundua kwamba makosa ninayoyafanya katika moja ndiyo yale yale ninayoyafanya katika nyingine.

Nitasema msimamo wangu mapema ili asiyetaka kusoma hadi mwisho aondoke nao. Kurembesha gari la zamani ndani, yaani viti, kapeti, mbao za milango na kitambaa cha dari, na kulikinga na kutu si kazi mbili. Ni kazi moja, na ina mpangilio wake. Anayeanza na viti vipya akaiacha sakafu "ya baadaye" anatupa pesa, na anaweza kumuumiza mtu. Nasema hivi kwa sababu mimi mwenyewe nilifanya hivyo.

Kisa chenyewe

Kwa wale ambao hawakuiona enzi zake, 504 ilitoka Ufaransa mwaka 1968, bodi yake ikiwa imechorwa na Pininfarina wa Italia, na mwaka 1969 ikatangazwa kuwa gari bora la mwaka barani Ulaya. Hapa kwetu haikuhitaji matangazo hayo. Mwaka 1975 Ove Andersson alishinda Safari Rally akiendesha 504, na mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda tena na ile ya milango miwili yenye injini ya V6. Ziliunganishwa humu humu Kenya kwa miaka mingi. Ile ndefu yenye safu tatu za viti ikawa matatu ya safari za mbali, na pikapu yake ikabeba kila kitu kuanzia maziwa hadi maiti. Mzee akikwambia "tulipanda Pijo", huna haja ya kumuuliza ni ipi.

Ya baba ni ya kawaida, ya milango minne, rangi ya maziwa, ndani kahawia. Baba alikuwa mwalimu Malindi, na gari hilo liliishi miaka mingi kwenye upepo wa bahari kabla ya kuhamia bara. Baba alipofariki, lilikaa chini ya mwembe muda mrefu kabla sijalichukua. Injini ilikubali kuwaka baada ya siku mbili tu za kuibembeleza, nami nikaona kazi kubwa imekwisha.

Dada yangu alipokaribia kuolewa nikaapa kwamba atakwenda kanisani ndani ya gari la baba. Nikalipeleka kwa mafundi wa viti. Nikachagua ngozi bandia nzuri, sponji mpya na kapeti mpya nyekundu. Kijana aliyekuwa akifanya kazi hiyo aliniita pembeni akaniambia, "Bosi, huku chini kuna unyevu, na bati linalia vibaya nikiligonga. Tungeliangalia kwanza." Nikamjibu kama wateja wanavyonijibu mimi ninapowaambia hifadhidata yao ina matatizo: "Hiyo tutaangalia baadaye. Harusi ni Jumamosi, we weka kapeti."

Akaweka kapeti. Na gari likapendeza, nisidanganye. Watu walipiga picha.

Tulikuwa njiani kuelekea Machakos, mama kiti cha mbele, bibi harusi nyuma. Kulikuwa na tuta ambalo halikupakwa rangi. Nikaliona nimechelewa, nikakanyaga breki kwa nguvu. Kiti cha mama kikaenda mbele. Hakikuteleza kwenye reli zake. Reli zenyewe ziling'oka pamoja na kipande cha sakafu, bolti zikiwa zimekazwa barabara kwenye bati ambalo halikuwa limeshikana na chochote. Goti la mama likagonga dashbodi. Hakuvunjika, namshukuru Mungu, lakini alitembea akichechemea katika harusi ya binti yake.

Alipotulia aliinama, akafunua kona ya ile kapeti yangu nyekundu, akaona lami ya barabara kupitia tundu. Akaniambia, "Viti ni vizuri, mwanangu. Lakini vimekalia nini?"

Yule kijana hana lawama, alisema. Lawama ni yangu mimi niliyeshika pesa. Ndiyo maana nikisikia watu wakiwatukana mafundi wa jua kali kwamba "wanapaka poda tu", huwa nauliza: ni nani aliyemlipa fundi apake poda? Fundi huuza kinachonunuliwa. Sisi wateja tunalipia kinachoonekana, na kisichoonekana tunakiombea punguzo.

Kwa nini magari yetu huliwa kutoka ndani

Ukisoma mashauri ya Waingereza kuhusu magari ya zamani utakuta wanahangaika sana na upande wa chini wa gari. Wana sababu. Kwao barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili barafu iyeyuke, na chumvi hiyo hurushwa na magurudumu kila mahali. Sisi hatuna hiyo. Tukiyanakili mashauri yao neno kwa neno, tutapaka lami chini ya gari, tutaridhika, halafu kutu itaendelea na mlo wake huko juu.

Kutu inahitaji vitu vitatu: chuma, maji na hewa. Chumvi huongeza kasi kwa sababu maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri, na kutu ni kazi ya kikemia inayotegemea umeme mdogo kusafiri kutoka sehemu moja ya bati hadi nyingine. Pwani chumvi huja na upepo. Lakini hata Nairobi, Eldoret au Nyeri ambako hakuna bahari, gari la zamani lina bwawa lake ndani: kapeti.

Fikiria. Chini ya kapeti kuna tabaka la sponji au felti, limewekwa kupunguza kelele na joto. Likilowa halikauki. Juu kuna kapeti, juu ya kapeti kuna zile mpira tunazoweka ili kapeti isichafuke. Maji hayana pa kupumulia. Gari likiegeshwa juani, madirisha yamefungwa, ndani hugeuka sufuria yenye kifuniko: mvuke hupanda, hugusa vyuma vya dari na milango, usiku hupoa na kuwa matone tena. Nje gari linang'aa, limepakwa nta, na ndani linachemka polepole.

Kutu nayo haikai mahali pake. Huchukua nafasi kubwa kuliko chuma iliyokila, kwa hiyo panapokutana mabati mawili yaliyoshonwa kwa welding, ikiingia katikati huyasukuma yaachane, maji yakapata nafasi zaidi. Ukiona rangi imevimba kama kipele kwenye kizingiti cha mlango, ujue hicho si chanzo. Huo ni mwisho wa safari iliyoanza ndani.

Tafuta maji kwanza

Wenzangu wa programu mnajua: mtu akikuletea hitilafu, huanzi kwa kubadilisha rangi ya vitufe. Unatafuta inatokea wapi, na unatafuta namna ya kuifanya ijirudie mbele ya macho yako. Gari ni hivyo hivyo.

Ng'oa viti, ng'oa kapeti, ondoa sponji ya chini yote. Tandaza magazeti makavu sakafuni kote. Kaa ndani na tochi, milango imefungwa, na mtu nje akiwa na mpira wa maji. Aanze kumwaga chini, kwenye vizingiti, akae hapo dakika kadhaa, ndipo apande: milango, kisha kioo cha mbele, mwisho paa. Akianza juu, maji yatatiririka kila mahali nawe hutajua yalipoingilia. Gazeti litakalolowa la kwanza ndilo litakalokuonyesha.

Kwa uzoefu wangu wa gari hili na mengine mawili ya marafiki, washukiwa ni wale wale.

Wa kwanza ni mlango. Watu wengi hawajui kwamba maji yanaruhusiwa kuingia ndani ya mlango wa gari. Hupita pembeni ya kioo yakashuka hadi chini, halafu hutokea kwenye vitundu vilivyo ukingo wa chini. Vitundu vikizibwa na vumbi na majani, mlango unakuwa ndoo. Na kati ya bati la mlango na ule ubao wa ndani uliovikwa ngozi bandia, kiwandani huwekwa karatasi ya nailoni kuzuia maji yasifike kwenye ubao. Fundi wa kwanza aliyerekebisha mashine ya kioo aliipasua ili mkono wake upite, akaitupa. Nimefungua milango minne ya gari la baba na nimekuta nailoni kwenye mlango mmoja tu. Kwa sababu ya kipande hicho cha nailoni, ubao huvimba, ngozi yake hubanduka, na maji humwagikia kapeti. Watu husema ubao umezeeka. Haukuzeeka, ulilowa.

Wa pili ni raba ya kioo cha mbele. Jua letu la ikweta huikausha ikapasuka kwenye kona. Maji hupita nyuma ya dashbodi yakashukia miguuni, nawe unalaumu mlango. Raba za milango zipime kwa chaki: ipake chaki raba nzima, funga mlango, fungua. Pale ambapo bati halikupata alama, raba haigusi.

Wa tatu ni paa linalofunguka, kwa wale ambao 504 zao zinalo. Lina mifereji na mirija ya kushusha maji. Mirija ikiziba, maji huanza kuonja kitambaa cha dari.

Wa nne hutoka ndani ya gari lenyewe: kifaa cha kupashia joto kinachopitisha maji ya injini. Ukikuta unyevu miguuni hata kiangazi, unanata kidogo na una harufu tamu, hiyo si mvua. Ni maji ya rejeta yenye dawa yake, na hakuna raba itakayoyazuia.

Mpaka umjue mshukiwa na kumfunga, usinunue hata mita moja ya kitambaa.

Bati

Sasa sakafu iko wazi. Chukua bisibisi butu na uigonge gonge kote, hasa zinapofungwa reli za viti na mikanda ya usalama. Bati zima linalia kengele. Bati lililoliwa linalia kama boksi la karatasi, na bisibisi ikizama, hapo hapana bati.

Hapa nina maneno makali kidogo. Kuna mtindo wa kupigilia kipande cha bati juu ya tundu kwa riveti, kupaka puti, kupaka rangi, na kusema sakafu imetengenezwa. Puti haina nguvu. Ni kijazio cha kulainisha uso, na pamoja na hayo hunyonya unyevu. Kiti na mkanda vinashikilia mtu siku ya ajali. Vikifungwa kwenye puti ni sawa na kufungwa kwenye ugali. Kata sehemu mbovu mpaka ufike kwenye chuma safi inayong'aa, chomelea bati jipya la unene ule ule, na panapofungwa reli na mikanda weka kipande cha kuongeza nguvu kama kilivyokuwa awali. Ondoa betri na kila kinachoweza kushika moto kabla ya kuwasha welding, na uwe na ndoo ya maji au kizima moto karibu. Sponji ya viti ikishika moto haikungoji.

Kutu ya juu juu ambayo haijatoboa huhitaji brashi ya waya, msasa, na baadaye dawa. Dawa nyingi za kugeuza kutu zina asidi ya fosforasi, ambayo huifanya kutu kuwa fosfeti ya chuma, au tanini, ambayo huigeuza kuwa kitu cheusi kinachoshikana na bati. Zinafanya kazi, lakini kwenye kutu nyembamba tu. Ukizipaka juu ya magamba manene zitageuza uso, na chini yake mlo utaendelea.

Kwa vifaa vidogo, kama fremu za reli, bawaba na mabano, nina njia ninayoipenda sana kwa sababu ni rahisi na ya nyumbani. Chukua ndoo ya plastiki, maji, na magadi yaliyosafishwa, yaani kabonati ya sodiamu. Sisi wenye Ziwa Magadi hatuna haja ya kuagiza mbali. Tia vijiko kadhaa vikubwa ndani ya ndoo. Tundika kifaa chenye kutu katikati kwa waya, na pembeni weka kipande cha chuma cha kawaida usichokihitaji, visigusane. Unganisha chaja ya betri ya volti 12: hasi kwenye kifaa chako, chanya kwenye kile kipande. Baada ya saa kadhaa kutu hulegea ikatoka kwa brashi, na chuma nzima haiguswi. Fanya nje penye hewa, kwa sababu mapovu yanayotoka yana hidrojeni ambayo hulipuka, na zima chaja kabla ya kugusa chochote. Na kamwe usitumie chuma cha pua, kile cha masufuria kisichoshika kutu, upande wa chanya: maji yanaweza kubaki na kromiamu yenye sumu.

Bati likishakuwa safi, lifunike siku hiyo hiyo. Mimi naanza na rangi ya msingi yenye zinki. Zinki ndiyo iliyo kwenye mabati ya nyumba zetu, na kazi yake ni ya kujitoa mhanga: huliwa yenyewe kwanza ili chuma ibaki. Ndiyo maana bati la paa ukilikwaruza halishiki kutu kesho yake. Kisha ziba mishono yote, kisha rangi. Na ndani ya mashimo yasiyofikika, kama vizingiti na mihimili, nyunyiza nta maalumu kwa mrija mrefu. Nta hubaki laini na hutambaa kwenye mishono. Lami ngumu hupasuka baada ya muda, maji yakaingia nyuma yake, na badala ya kukinga ikawa kapeti nyingine ya nje. Usizibe vitundu vya kutolea maji, maana ukiviziba umejenga tangi.

Najua wapo watakaosema, "Baba zetu walinyunyizia oili chafu tu na magari yalidumu." Ni kweli oili huzuia maji kwa muda. Lakini oili iliyotumika ina asidi na masizi, hulainisha na kuharibu mpira wa chini ya gari, na hudondoka kwenye udongo tunaolima na kunywea maji. Ndani ya gari ndiyo usithubutu kabisa. Harufu yake haitatoka mpaka mjukuu wako aliuze.

Sasa, viti

Ukifika hapa umechoka, pesa zimepungua, na gari linaonekana vibaya kuliko ulipoanza. Ndipo wengi hukata tamaa, na ndiyo sababu wengi huanza na viti: viti hukupa furaha mapema. Naielewa tamaa hiyo. Hata kwenye programu, mteja hupiga makofi akiona ukurasa wa mbele, na hakuna aliyewahi kunipigia makofi kwa nakala rudufu.

Ushauri wangu wa kwanza hapa ni kutotupa chochote. Kabla ya kung'oa, piga picha kila kona kwa simu. Skrubu za kila sehemu zitie kwenye pakiti yake na uandike jina juu. Ngozi ya zamani ya kiti, hata ikiwa imechanika, ndiyo ramani: ifumue mshono kwa mshono, andika namba kwenye kila kipande, na fundi akatie kitambaa kipya juu yake. Viti vyangu vya harusi vilikatwa kwa kukisia, na mpaka leo vina mikunjo pembeni kama suti ya kuazima.

Cha pili, osha kabla ya kubadilisha. Ngozi nyingi bandia tunazoziita mbovu ni chafu tu. Maji ya uvuguvugu, sabuni laini, brashi ya nywele laini, kitambaa kikavu, usiimwagie maji. Nilitoa kahawia ya asili chini ya uchafu wa miaka, nikajuta kwamba viti vya mbele nilikuwa nimekwisha kuvigeuza vyeusi kwa fasheni. Ile ngozi hukauka na kupasuka kwa sababu jua huifukuza mafuta yanayoifanya iwe laini, na yakishatoka huwezi kuyarudisha. Dawa kubwa ni kivuli: turubai linalopitisha hewa, au kizuia jua nyuma ya kioo. Usitumie turubai la nailoni linalokaza kabisa. Hilo ni ile sufuria tena.

Cha tatu, mbao za milango. Kata mpya kwa kufuata ya zamani, zipake vanishi pande zote na hasa kingo, maana ubao hunywea maji kingoni. Rudisha nailoni. Nailoni nene ya hadwea inatosha, ila ukingo wake wa chini uingize ndani ya mlango, ili maji yanayoiteremkia yarudi kwenye vitundu yasitokee kwako. Kazi hii ni ya pesa kidogo sana, na naamini ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote katika gari zima.

Cha nne, chini ya kapeti tumia sponji isiyonywa maji, ile yenye vipovu vilivyofungwa. Na usibandike kapeti kwa gundi sakafuni. Ikae kwa vifungo, ili uweze kuifunua. Sehemu usiyoweza kuifunua hutaikagua, na usiyoikagua huiwezi kuilinda.

"Si ununue Probox?"

Ndugu yangu mmoja huniuliza swali hili kila Krismasi. Anasema kwa pesa na Jumamosi nilizozika humo ningekuwa na gari jipya jipya. Hesabu yake si mbaya. Kwa mtu anayetaka tu kufika kazini, namwambia wazi: nunua hilo.

Lakini 504 zilizobaki hapa ndizo zilizobaki. Magari ya mtumba tunayoagiza kwa kawaida hayaruhusiwi kuzidi miaka 8, kwa hiyo hakuna meli italeta nyingine kwa njia hiyo. Kila moja inayooza chini ya mwembe inapunguza idadi. Ni gari lililowapeleka watoto wa nchi hii shule na hospitali, na mafundi wetu walijifunza kazi juu yake. Wenye uwezo huyapeleka ya kwao kwenye maonyesho ya Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse, yanayofanyika tangu 1970, na huko waamuzi hawakuishia kuangalia rangi, huinama. Sisi wengine hatuhitaji kombe. Tunahitaji gari ambalo mama anaweza kulikalia.

Hivyo ndivyo nilivyofanya baadaye, nikianzia Januari ili jua linisaidie kabla ya mvua ya masika kufika Machi. Ilinichukua muda kuliko nilivyopanga, kama programu zote. Kapeti nyekundu nzuri kabisa ilikuwa imeoza upande wa chini, sikuweza kuiokoa. Yule kijana wa viti nilimtafuta, nikamwomba radhi, nikampa kazi yote tena. Safari hii nilimwambia aanze pale alipotaka kuanza siku ile. Alicheka, akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa abiria, akatoa kiganja cha majani ya mwembe kwenye kitundu cha maji. Majani ya kwa baba, yamesafiri nasi hadi Nairobi.

Sasa hufunua kapeti mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli. Huchukua nusu saa. Napitisha mkono chini, na ukitoka mkavu narudisha, naenda kunywa chai. Mama bado hukagua mwenyewe kabla ya kukaa: hushika kiti kwa mikono miwili akakitikisa. Siwezi kumlaumu.

Kwa hiyo kama una gari la zamani uani, iwe Pijo, Datsun au kobe wa Volkswagen, Jumamosi hii usiende kwa fundi wa viti. Funua kona moja ya kapeti, upande wa abiria, ubonyeze kidole. Kikilowa, umepata kazi ya kuanzia.

Haya, tuonane.